Maharage ya Bibi Sabra

Panther Fork, Kentucky
Aprili 9, 1978

Shemeji Lovada,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini magoti yako yamepata nafuu na theluji ya Ohio imewaachia. Mimi mzima. Nakula, nalala, nakohoa, naongea na mbwa. Tangu tumzike dada yako Ona mwezi wa kwanza nyumba hii imekuwa kubwa mno, mpaka nimefunga vyumba viwili nisije nikapotelea humo.

Nina jambo dogo, dogo hata naona aibu kupoteza stempu. Katika ukoo wenu wote wa Tackett, mbegu za yale maharage ya bibi yenu Sabra mlibaki nazo wawili tu, wewe na Ona. Yale ambayo ganda lake halina manyoya, linang'aa kama limepakwa mafuta. Sasa mwaka huu nataka niongeze mistari miwili. Siku ya Makaburi, Agosti, ukoo ukienda kupamba makaburi na kula pamoja, nitabeba mwenyewe sufuria ya maharage mabichi mpaka kule juu, niiweke mezani kama Ona alivyokuwa akiiweka kila mwaka.

Si kwamba mbegu sina. Ninazo. Chupa nzima, iko palepale alipoiacha. Nimesema tu, nikipata konzi moja kutoka kwako nitakuwa na akiba.

Konzi moja. Hata nusu.

Usiulize sana.

Shemeji yako mtiifu,
Verlon Stidham


Panther Fork
Aprili 9, 1978

Burl mdogo wangu,

Natumaini hapo kwenye nyumba ya wazee Lexington manesi hawajakufukuza bado. Barua hii ukishaisoma ichome, au itafune, fanya lolote, lakini asiione mtu yeyote wa ukoo wa Tackett.

Nimezila mbegu za Sabra.

Zote. Ilikuwa Februari, wiki ile theluji ilipofunga barabara. Vyakula walivyoleta watu msibani vilikuwa vimekwisha, na mimi unanijua, chai yenyewe naiunguza. Nikafungua friza, nikakuta chupa ya maharage makavu meupe. Ona ameibandika karatasi, mwandiko wake: VERLON, USILE.

Sasa niambie. Miaka arobaini na moja mwanamke yule ameandika maneno hayohayo kwenye kila kitu kitamu cha nyumba hii. Kwenye keki. Kwenye jemu ya blakiberi. Kwenye paja la nguruwe la Krismasi. Kwangu mimi lile lilikuwa tangazo. Nikaloweka, nikatia mfupa, nikachemsha siku nzima, nikala siku tatu na bakuli nikalifuta kwa mkate wa mahindi. Kilikuwa chakula cha kwanza kukipika tangu nizaliwe. Nilijisifu mbele ya mbwa.

Machi nilipokwenda kutafuta mbegu za kupanda ndipo akili ikarudi, imechelewa kama kawaida yake.

Burl, Sabra alivuka mlima huu na mbegu zile ndani ya upindo wa gauni lake, na tangu siku hiyo hakuna mwaka ambao hazikupandwa. Vita havikuzimaliza. Mafuriko ya mwaka hamsini na saba hayakuzimaliza. Nimezimaliza mimi, na kitunguu pembeni. Zilizobaki duniani ni za Lovada. Akijua nilichofanya hanipi hata moja, na Agosti nitasimama mbele ya kaburi la Ona na sufuria tupu, na ukoo wote wa Tackett unanitazama.

Nifanyeje?

Kaka yako,
Verlon


Hamilton, Ohio
Aprili 17, 1978

Shemeji Verlon,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiisoma inanuka zaidi.

Nakufahamu tangu ulipokuja kumposa dada yangu na viatu vya kuazima. Hujawahi kulima bustani. Ona alilima, wewe ulikaa barazani ukimwelekeza. Leo unataka "kuongeza mistari". Chupa ya Ona ilikuwa inajaa hadi kizibo, mbegu za kupanda shamba la watu kumi. Mtu mwenye chupa hiyo anaomba nusu konzi ya nini?

Nitakuambia ninavyodhani. Binamu Arbutus ameniandikia kwamba mjane mmoja, Zettie Fugate, anapanda na kushuka hapo kwako na sahani zimefunikwa kitambaa. Kama ni yeye anayezitaka mbegu za Sabra, mwambie akatafute bibi yake mwenyewe. Dada yangu hajamaliza hata miezi minne kaburini.

Za kwangu ninazo, ndiyo. Zimejaa tele. Kila mwaka zinapanda kwenye uzio wangu mpaka majirani wanasimama kuangalia, na kanisani kwetu hapa hawakubali kuanza kula kabla sufuria yangu haijafika. Lakini hazitoki bila sababu ya kueleweka.

Unaficha nini?

Lovada


Nyumba ya Wazee, Lexington
Aprili 18, 1978

Kaka,

Nilicheka mpaka wakaja kunipima presha.

Mwambie ukweli. Hapana, usimwambie, atakuja na basi kukuua. Mwambie panya. Hapana, atauliza panya gani anayefungua friza.

Hapa maharage mabichi wanatupa ya kopo, kijivu, yamechemshwa dakika tano, yanapiga kelele mdomoni kama mlango wa ghalani. Kwa hiyo usiniulize mimi mambo ya heshima.

Ila zilikuwa tamu?

Burl


Panther Fork
Aprili 25, 1978

Shemeji,

Zettie Fugate ana miaka themanini na tatu na haoni vizuri. Sahani anazoleta nadhani anafikiri anampelekea mtu mwingine. Wiki iliyopita aliniita Harlan. Mwambie Arbutus wako atafute miwani pamoja naye.

Mimi sifichi kitu. Wewe ndiye mwenye kufichaficha. Nimesema nataka kuyapika ya Ona kama Ona, na badala ya kuniambia yanapikwaje unanipeleleza kama polisi. Nilijaribu juzi na maharage mabichi ya dukani, ili mkono uzoee. Yalitoka magumu nje na maji ndani, na moshi wake ulimtoa mbwa nje. Kuna kitu Ona alikuwa akikitia. Nilikuwa naona kabisa, akifika mahali fulani ananipa mgongo. Ni nini kile? Nyie wanawake wa Tackett mkimpa mtu mapishi lazima mruke kitu kimoja, asije akawapita. Nawajua.

Basi nipe mapishi yote, na mbegu kidogo. Hivyo viwili tu, na sitakusumbua tena mpaka nife.

Verlon


Hamilton, Ohio
Mei 8, 1978

Shemeji Verlon,

Ona alikuwa anakupa mgongo ili usidokoe nyama. Hakuna siri nyingine.

Chukua kalamu. Maharage yaoshe. Kila ganda litoe uzi pande zote mbili, usifanye uvivu, uzi mmoja ukibaki mtu atakohoa nao kaburini. Livunje kwa vidole vipande vitatu, usikate kwa kisu. Nyama ya nguruwe ya chumvi ikate vipande vinene, ikaange ndani ya sufuria hiyohiyo taratibu mpaka itoe mafuta yake na iwe rangi ya tandiko la farasi. Tia kitunguu. Kisha maharage, uyageuze mpaka yote yang'ae. Maji yapite juu kwa kidole kimoja. Moto mdogo, mfuniko uache pengo, kwa muda wa saa tatu. TATU, Verlon, si mpaka njaa ikuume. Saa ya mwisho panga viazi vidogo juu. Chumvi onja mwishoni, nyama inayo tayari. Na hapo watu wengi ndipo wanapokosea: usiepue maji yakiwa mengi. Yaache yaishe mpaka usikie mafuta yanalia chini ya sufuria, yaungue kidogo tu, kidogo, halafu ndipo.

Nimefikiri, nimeomba, na moyo umelainika. Humo kwenye bahasha kuna konzi moja ya mbegu za Sabra kutoka kwenye uzio wangu. Nina wasiwasi mmoja. Nahofia udongo wa Ohio umezibadilisha. Tafadhali zimwage mezani, kando yake mwaga za Ona kutoka kwenye chupa, uzilinganishe vizuri, kisha uniambie kama bado ni ndugu.

Lovada


Panther Fork
Mei 24, 1978

Shemeji mpenzi Lovada,

Mungu akuongezee miaka na akupunguzie magoti.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Nimemwaga zako, nimemwaga za Ona, zikakaa mezani kama mapacha. Nimezigeuza, nimezipima kwa ukucha, nimezitia mdomoni moja moja (sikumeza). Umbo ni lilelile, weupe uleule, hata kile kijicho cha tumboni kimekaa palepale. Machozi yalinitoka. Nilisema kwa sauti, "Sabra, wajukuu zako hawakukosea kitu." Kama ningezichanganya hata wewe usingezitenganisha.

Leo kalenda ya wakulima inasema ishara za nyota ziko mikononi, siku ya kupanda maharage, nami nimepanda. Mistari miwili. Mgongo umekufa lakini roho iko juu.

Wako mwenye shukrani,
Verlon


Hamilton, Ohio
Juni 1, 1978

Verlon,

Nilizokutumia ni maharage ya kupikia supu. Nimeyanunua supamaketi, paketi ya nusu kilo, mtaa wa pili kutoka hapa.

Mbegu ya Sabra ni bapa, ina ncha upande mmoja kama jino la paka. Hayo ya supamaketi ni ya mviringo kama yai. Mtu mwenye macho, akiziweka kando kando, angecheka. Wewe umelia.

Chupa ya dada yangu iko wapi?

Lovada


Panther Fork
Juni 6, 1978

Lovada,

Iko kwenye rafu, imeoshwa, ina misumari ndani.

Nilizila. Hapo, nimesema. Februari, peke yangu, theluji mpaka dirishani. Karatasi ilikuwepo ya kunikataza na niliisoma. Sikujua ni mbegu, niliona ni chakula amekificha, na kumbe nilifurahi kwamba bado kuna kitu kimoja amenificha. Nilikuwa sijala cha moto kwa siku mbili. Ilikuwa ndiyo njia pekee ya kukaa naye mezani, ndivyo nilivyodhani, na yakawa matamu, Lovada, siwezi kusema uongo hapo tena, yalikuwa matamu.

Nimekudanganya mara nne kwa hesabu yangu. Kama unajua nyingine niongezee. Unayo haki ya kuninyima. Lakini usinipe mimi. Mpe Arbutus, mpe mtu yeyote huku anayejua kushika jembe, azipande zirudi kwenye udongo wake. Kosa ni langu, Ona na bibi yake hawakukosa kitu. Agosti nitasema mwenyewe mbele ya watu.

Verlon


Hamilton, Ohio
Juni 10, 1978

Shemeji,

Nimekaa na barua yako siku nzima, nikiwa na maneno yangu makali nimeyapanga tayari, na sasa hayatoki.

Sina uzio. Nakaa ghorofa ya tatu. Tangu mimi na marehemu mume wangu Coy tuje huku kutafuta kazi ya kiwandani sijawahi kuwa na udongo hata wa kujaza kiatu. Maharage ninayopeleka kanisani ni ya kopo. Nayachemsha upya saa tatu na nyama ya chumvi, na wanaponisifu nawaambia ni ya bibi yangu. Miaka ishirini na tano.

Ona alinitumia bahasha ya mbegu mwaka sitini na tisa. Kila msimu nilimwandikia zimestawi. Hakuuliza picha. Sasa najiuliza kama alijua.

Jana nimeshusha sanduku la nguo. Panya wameingia. Zimebaki tisa. Nimezihesabu mara mbili juu ya karatasi nyeupe: tisa. Hakuna nyingine popote. Nakutumia zote, maana Arbutus angeitangazia kata nzima kabla hajafungua bahasha.

Nisikilize. Hakuna kula. Sufuria ya Agosti pika unachotaka, lakini haya hayaguswi mpaka yakauke kwenye mti wake. Kila wiki utaniandikia: miche mingapi, maua mangapi, maganda mangapi. Nitahesabu. Sikuamini hata kidogo.

Lovada


Panther Fork
Julai 2, 1978

Shemeji,

Tatu zimeota. Sita zimekufa humohumo chini. Nilichimba moja kwa kijiti kuangalia, ilikuwa tupu kama ganda la yai.

Nimezichomekea fito, nimezungushia waya wa kuku, mbwa nimemfunga hapo pembeni, na mimi nimehamishia kiti changu. Zettie alipita akasema, "Harlan, unalinda nini?" Nikamwambia, "Mjukuu wa mke wangu." Akasema, "Mzuri, amefanana na wewe."

Yale ya supamaketi yako yamestawi kupita kiasi. Kila nikiyaangalia yananizomea.

Lakini nikuulize, Lovada, na usikasirike. Hizi tisa ni zenyewe? Nauliza tu.

Verlon


Hamilton, Ohio
Julai 9, 1978

Ni zenyewe. Zilikuwa na ncha au hazikuwa na ncha?

Lovada


Panther Fork
Agosti 14, 1978

Shemeji Lovada,

Zilikuwa na ncha, nadhani. Nilizipanda kwa haraka nikiogopa kuzishika.

Jana ndiyo ilikuwa Siku ya Makaburi. Pole kwa magoti, watu wamekuulizia. Maua yalikuwa mengi, jiwe la Ona limesimama wima, meza zilipangwa chini ya mialoni kama kawaida.

Sasa mambo ya sufuria. Ile mimea mitatu ina maganda machanga, yangetosha sahani ya watu wawili. Asubuhi nilisimama mbele yake na bakuli mkononi. Nasema ukweli ili usiusikie kwa wengine. Nilisimama muda wa kuvuta kiko kizima. Kisha nikaenda upande wa pili nikachuma yale ya supamaketi. Yalikuwa yamekomaa kidogo, uzi wake unaweza kufungia ng'ombe. Nikayapika ulivyosema, saa tatu, tena nikaongeza nusu saa kwa ajili ya ubishi wake, mpaka mafuta yakalia.

Niliiweka sufuria mahali pa Ona. Arbutus akaja mbio, kijiko tayari.

"Shemeji Verlon! Ya Sabra haya?"

Nikasema, "Onja kwanza."

Akaonja. Akafumba macho, akashika kifua. "Ndiyo yenyewe! Njooni nyie, damu ya Sabra hii!" Wakaja. Mchungaji akapakua mara mbili. Mzee Hobart Tackett akasema tangu azaliwe ladha hii haijabadilika. Na mimi, Lovada, ningeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Burl alikuwepo, walimleta kwa gari, akaniminyia jicho kuniambia, funga mdomo.

Nikagonga sufuria kwa mwiko. Nikasema, "Ndugu zangu, haya ni ya supamaketi ya Ohio. Ya Sabra niliyala Februari na mfupa wa nguruwe."

Vijiko vikarudi sahanini, hata vya watoto.

Arbutus akasema, "Unatania."

"Sitanii."

"Yote?"

"Nilibakiza harufu."

Mzee Hobart akaweka sahani chini. "Verlon, nilijua tangu siku ya harusi."

"Ulijua nini?"

"Kwamba utakula kitu."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Burl, naye aliona aibu akakigeuza kicheko kikawa kikohozi. Wakaanza kuondoka mezani mmoja mmoja. Sikuwaambia kuhusu mimea mitatu. Isipofika Oktoba sitaki wazizike mbegu za Sabra mara mbili. Nilibaki na sufuria nusu, nikaipeleka kwa Ona, nikakaa hapo. Nilimweleza yote, na ya kwako ya kopo pia nilimweleza. Samahani. Nilikuwa sina kingine cha kuongea.

Verlon


Panther Fork
Agosti 30, 1978

Shemeji,

Hesabu uliyodai. Mmea wa kwanza maganda thelathini na moja. Wa pili ishirini na sita. Wa tatu, huyu mnyonge, kumi na tano. Jumla sabini na mbili. Nimehesabu na Burl akiwa hapa kwa ziara yake ya siku mbili, amehesabu naye, tukapigana, tukarudia.

Yananing'inia, yamejaa, yanang'aa. Simsemeshi mtu.

Verlon


Panther Fork
Oktoba 11, 1978

Shemeji,

Yamekauka. Yote yamechumwa leo kabla ya mvua, yako ndani kwenye gazeti. Maganda sabini na moja. Tumshukuru Mungu, kazi imekwisha.

Verlon


Hamilton, Ohio
Oktoba 16, 1978

Verlon.

Agosti sabini na mbili. Oktoba sabini na moja.

Usiniambie sungura. Sungura hali ganda moja akashukuru akaenda zake.

Lovada


Panther Fork
Oktoba 21, 1978

Lovada,

Ni mimi.

Lakini kosa nusu ni lako. Ulishanitumia maharage ya dukani ukaniapia ni ya Sabra, na mimi nikalia machozi juu yake. Baada ya hapo ulitaka nikuamini na nini? Ncha sikuitazama. Ganda linang'aa, ndiyo, lakini macho yangu yalishatoa ushahidi wa uongo mwezi wa tano. Nilikaa kwenye kile kiti miezi miwili na bunduki, usiku na mchana, na wazo moja linanitafuna: huyu mama kanifanyia tena. Nalinda paketi ya pili ya supamaketi, na yeye kule Ohio anacheka. Ningejuaje? Nikamuulize Arbutus? Aliapa kwa damu ya Sabra juu ya sufuria yako ya nusu kilo.

Kulikuwa na njia moja tu. Tarehe saba Septemba nilichuma ganda moja, la chini kabisa, lililojificha nyuma ya fito. Nikatoa uzi pande zote mbili. Nikalivunja vipande vitatu. Nyama ya chumvi ukubwa wa kidole gumba. Maji kikombe. Nilipikia kwenye sufuria kubwa kwa sababu ndogo sijui Ona alikoiweka, na vile vipande vikawa vinazunguka humo ndani kama watu watatu waliofika harusini siku siyo. Saa tatu nimesimama, naongeza maji kwa kijiko. Sikukaa hata mara moja. Mpaka mafuta yakalia.

Nikaweka sahani, uma, kila kitu. Nikala kipande cha kwanza, sikujua. Nikala cha pili.

Ladha yake nimejaribu kukuandikia nikachana karatasi mbili. Nitakuambia hivi tu. Miaka arobaini na moja Ona alinisema nivue kofia mezani, na hakuna siku niliyoivua kabla sijasemwa. Nilipotafuna kipande cha pili niliangalia chini, nikaona kofia iko gotini.

Ni zenyewe, shemeji.

Cha tatu nilikila pia. Usidhani nilitubu.

Nimemenya maganda sabini na moja, nimepata mbegu mia nne na tisa, bapa, zina ncha. Nusu nimempelekea mzee Hobart. Alizitazama kwa miwani miwili, akafunga mlango bila kuaga, lakini alizichukua. Mia moja ninazo mimi, chupa nimeifunga waya na kufuli, na ufunguo ameshika Zettie, ambaye hakumbuki alipouweka. Mia moja na nne ziko humu kwenye bahasha.

Tafuta ndoo, Lovada. Tafuta udongo, hata wa kuiba, uweke hapo dirishani ghorofa ya tatu, na uzi mpaka darini. Ishara zikiingia mikononi mwezi wa tano, panda. Halafu kila wiki uniandikie: miche mingapi, maua mangapi, maganda mangapi.

Na Septemba nitapanda basi nije kuhesabu mwenyewe.

Verlon